Mzee Mwenye Saratani ya Mapafu Ajadiliwe Yeye, Si Umri Wake

Siku ya kikao cha jopo la saratani, mafaili husomwa haraka kwa sababu wagonjwa ni wengi na mabingwa wanasubiriwa wodini, kliniki na chumba cha upasuaji. Daktari kijana anasimama na kusoma: mwanamke, miaka 77, saratani ya mapafu, kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kimethibitisha, hatua ya nne, ECOG 2. Picha za CT zinaonyeshwa ukutani. Bingwa wa mionzi anauliza swali, bingwa wa dawa za saratani anauliza jingine, kisha mtu anaanza sentensi ambayo kila aliyezoea vikao hivi ameisikia: "Kwa umri huu..." Haimaliziki, na hakuna anayeidai imaliziwe. Inaandikwa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, linafunguliwa faili linalofuata.

Inawezekana kabisa kwamba uamuzi huo ni sahihi. Ninachopinga ni kwamba hapakuwa na mtu chumbani mle aliyekuwa na namna ya kujua kama ni sahihi. Jopo lilikuwa na habari nyingi za uvimbe: ukubwa wake, ulipo, umesambaa wapi, ni wa seli za aina gani. Habari za mama mwenyewe zilikuwa mbili tu, umri na tarakimu ya ECOG, yaani ya kujimudu. Umri hauelezi hali ya mtu, na ile tarakimu mara nyingi huandikwa na daktari aliyemwona mgonjwa kwa dakika chache akiwa ameketi.

Tunapozungumzia upungufu wa huduma za saratani Afrika Mashariki, tunahesabu mashine na mabingwa. Ni kweli, havitoshi. Lakini kuna pengo jingine ambalo halihitaji bajeti kubwa kuzibwa, nalo linawaumiza wazee kuliko wengine wote: jopo linaamua bila kuelezwa mzee anaishije. Naamini kila mgonjwa wa miaka 70 na zaidi mwenye saratani ya mapafu anapaswa kukaa na mtu mmoja, muuguzi aliyefundishwa anatosha, kwa nusu saa kabla ya kujadiliwa. Kitakachopatikana kiandikwe kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo usomwe kikaoni kwa uzito uleule wa picha ya CT.

Turudi kwenye ile ECOG, maana ndiyo inayobeba uamuzi mkubwa. Ni kipimo cha jinsi mgonjwa anavyojimudu. Sifuri ni mtu anayefanya shughuli zake zote kama kawaida. Mbili ni anayejihudumia mwenyewe ila hawezi kufanya kazi, na analala au kukaa chini ya nusu ya saa za mchana. Nne ni mtu wa kitandani muda wote. Kipimo ni kizuri na kinatumika dunia nzima, lakini fikiria mgonjwa anapimwa lini. Mama aliyetoka Kigoma kwa basi, akalala kwa ndugu Mbagala, akafika hospitali alfajiri kupanga foleni, hajatia kitu mdomoni kwa sababu aliambiwa atatolewa damu. Anaingia kwa daktari saa sita mchana akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, maana korido ni ndefu na mjukuu ameona asimchoshe. Anaandikiwa 2, pengine 3. Hakuna aliyemuuliza akajua kwamba mwezi uliopita alikuwa analima bustani yake ya mchicha na kuuza mwenyewe.

Kosa la pili huenda upande wa pili, na nadhani ni la kawaida zaidi kwa wanaume. Mzee anakuja kliniki amepiga pasi shati, kofia kichwani, ameketi wima. Akiulizwa hali, anajibu "namshukuru Mungu", kwa sababu ndivyo alivyolelewa kujibu. Anaandikiwa 1. Hakuna anayejua kwamba vifungo vya shati hilo amefungwa na binti yake, kwamba ameanguka bafuni mara mbili tangu mwaka uanze, kwamba anameza dawa za presha kutoka hospitali mbili tofauti na kila hospitali haijui ya mwenzake. Anapangiwa tibakemikali ya dawa mbili kwa dozi kamili. Siku ya kumi anarudishwa na homa, chembe nyeupe za damu zimeshuka, figo zimechoka. Familia inasema dawa ndizo zilizommaliza. Majirani wanasikia, na mgonjwa anayefuata mtaani pale anaamua kutokwenda hospitali kabisa.

Makosa haya mawili yanatoka mahali pamoja. Mmoja amenyimwa tiba aliyoiweza, mwingine amepewa asiyoiweza, na wote wawili wamehukumiwa kwa kuangaliwa.

Zamani ilidhaniwa kwamba mzee mwenye saratani ya mapafu iliyosambaa hafaidiki na dawa. Mwaka 1999 watafiti wa Italia walionyesha kwamba wagonjwa wa miaka 70 na zaidi waliopewa dawa moja, vinorelbini, waliishi muda mrefu kuliko waliopewa huduma ya kupunguza mateso peke yake: wiki 28 dhidi ya 21 kwa kipimo cha kati. Mwaka 2011 Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Wagonjwa 451 wa kati ya miaka 70 na 89 waligawanywa, wengine wakapewa dawa moja, wengine dawa mbili kwa pamoja, kaboplatini na paklitakseli ya kila wiki. Waliopewa mbili waliishi miezi 10.3, wenzao miezi 6.2. Gharama yake ilikuwa madhara makubwa zaidi, yakiwemo ya kushuka kwa chembe za damu. Kwa hiyo umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu dawa. Swali linalobaki ni nani kati ya wazee hao ana mwili wa kuhimili dawa mbili.

Swali hilo lilijaribiwa hukohuko Ufaransa katika utafiti uitwao ESOGIA, uliochapishwa 2016, na ningependa kila anayekaa kwenye jopo la saratani ya mapafu aujue. Wagonjwa 494, wote wa miaka 70 na zaidi, wote ugonjwa umesambaa. Nusu walipangiwa dawa kwa njia ya kawaida, yaani umri na tarakimu ya ECOG. Nusu nyingine walipimwa kwanza kwa upana: kujimudu nyumbani, magonjwa mengine, akili, moyo wa huzuni, kuanguka. Mwenye nguvu akapewa dawa mbili, aliye katikati akapewa moja, dhaifu hakupewa tibakemikali, akapewa huduma ya kupunguza mateso.

Waliotazamia kwamba kupimwa kungerefusha maisha walivunjika moyo. Muda wa kuishi ulikuwa karibu sawa, miezi 6.1 kwa waliopimwa na 6.4 kwa wenzao, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Wapo wanaotumia matokeo hayo kusema kwamba kuwapima wazee ni kupoteza muda. Mimi nayasoma vingine. Katika kundi lililopimwa, asilimia 23 hawakupewa tibakemikali hata kidogo, na kundi lao halikupoteza muda wa kuishi. Wakati huohuo waliopewa dawa mbili walikuwa asilimia 45.7, wakati katika kundi la kawaida walikuwa 35.1. Maana yake, kipimo kiliwatoa kwenye dripu za tibakemikali wazee ambao dripu ingewatesa bure, na kikawaingiza kwenye tiba kali wazee ambao umri wao ungewafungia mlango. Waliolazimika kuacha tiba kwa sababu ya madhara walikuwa asilimia 4.8 kwa waliopimwa na 11.8 kwa wasiopimwa. Kwa mtu ambaye amebakiza miezi sita, kutoumia kwa tiba isiyomfaa ni jambo kubwa. Ni tofauti ya kuitumia miezi hiyo nyumbani au wodini.

Marekani nako, mwaka 2021, ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye saratani zisizopona, mapafu yakiwemo. Vituo vingine madaktari walipewa muhtasari wa hali ya mzee pamoja na mapendekezo, vingine hawakupewa. Madhara makali ya dawa yaliwapata asilimia 51 pale muhtasari ulipokuwepo na 71 pale ulipokosekana. Walioanguka walikuwa asilimia 12 kwa 21. Kuishi kwa miezi sita hakukutofautiana. Ilichokifanya karatasi ile ni kumfanya daktari aanze na dozi ya chini kwa mzee aliyeonekana dhaifu, au amwite mtu wa mazoezi, au amwondolee dawa ambazo hakuzihitaji. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa.

Sasa ukurasa wenyewe uwe na nini? Vifaa vyote vinapatikana katika kliniki ya wilaya.

Kiti chenye mahali pa kuegemeza mikono na alama ya mita tatu sakafuni. Mzee anaambiwa ainuke, atembee hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kila siku, ageuke, arudi, akae. Muuguzi anashika saa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, na mtu anayeanguka akiwa na chembe za damu zilizoshuka huleta msiba nyumbani. Lakini zaidi ya sekunde, muuguzi anaona: anainuka kwa kujisukuma na mikono? Anashika ukuta? Anasimama katikati kutafuta pumzi? Ile pumzi ndiyo bingwa wa upasuaji anayotaka kuijua kabla hajafikiria kukata sehemu ya pafu.

Maneno matatu ya kukumbuka na uso wa saa wa kuchora. Anatajiwa maneno, anachora saa, kisha anaombwa ayarudie. Kwa bibi ambaye hakwenda shule kuchora saa si kipimo cha haki, na hapo muuguzi atumie busara, amuulize mambo ya siku ya soko, majina ya wajukuu, jana walikula nini. Shida ya kumbukumbu haimnyimi mtu tiba. Inamaanisha tu kwamba vidonge vya kuzuia kutapika atasimamiwa na mtu mwingine, na kwamba jopo lihakikishe mtu huyo yupo.

Mfuko wa dawa. Aambiwe mapema aje na kila anachokimeza, na muuguzi avimwage mezani mbele ya mfamasia: za presha, za sukari, diklofenaki alizonunua duka la dawa kwa maumivu ya mgongo, za mitishamba kwenye chupa ya maji. Diklofenaki pekee inatosha kuharibu figo za mzee anayetarajiwa kupewa sisplatini, dawa ya saratani. Na hapa kuna mtego ambao madaktari wanaujua ila haraka huwasahaulisha. Kreatinini, taka ya damuni inayopimwa ili kujua figo zinafanyaje kazi, hutoka kwenye misuli. Bibi aliyekonda, misuli imekwisha, anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana nzuri kwenye karatasi ya maabara huku figo zake zikifanya kazi nusu. Hesabu inayoingiza umri na uzito ndiyo inayomfichua. Ikiwa uzito hajapimwa siku hiyo, hesabu haiwezi kufanyika, na uzito ni kitu ambacho nimekiona kimerukwa kwenye mafaili mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kisha chakula na kupungua uzito, usingizi na huzuni, na nani anaishi naye. Kuna dodoso fupi liitwalo G8, maswali manane yenye jumla ya alama 17, ambalo hujazwa kwa dakika chache. Anayepata 14 au chini ndiye apimwe kwa kina. Hospitali yenye wagonjwa wengi ianze na hilo.

Mwisho, na hapa ndipo tunapoanguka vibaya zaidi, ukurasa uwe na jibu la swali: mzee mwenyewe anataka nini?

Kwetu swali hili hujibiwa na watoto. Kifungua mimba anamfuata daktari koridoni kabla baba yake hajaingia: "Daktari, tunaomba usimwambie mzee, atakata tamaa." Najua upendo uliomo kwenye maneno hayo. Ni watoto wanaouza ng'ombe, wanaochangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wanaolala kwenye mabenchi. Lakini matokeo yake ni kwamba mzee anatibiwa ugonjwa ambao hajaambiwa jina lake. Anaambiwa ni kifua, ni maji kwenye mapafu. Wengi wao walishatumia dawa za kifua kikuu kwa miezi sita kabla saratani haijagunduliwa, kwa hiyo wanaendelea kuamini ni kifua kikuu sugu. Halafu nywele zinadondoka. Wazee si wajinga. Anatazama hospitali aliyoletwa, anaona wagonjwa wenzake, anajua. Anabaki na siri yake, watoto na ya kwao, na hakuna anayepata nafasi ya kusema la maana.

Jopo linapoletewa "familia inataka kila kitu kifanyike", linapokea matakwa ya watoto. Ya mzee yanaweza kuwa mengine kabisa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwauliza wagonjwa 226 wa miaka 60 na zaidi, wenye saratani, moyo kushindwa kazi au ugonjwa sugu wa mapafu, kama wangekubali tiba ambayo ingewaokoa lakini ikawaacha hawajiwezi kabisa kimwili. Karibu robo tatu walikataa. Ikiwa ingewaacha wamepoteza akili, waliokataa walikaribia asilimia 89. Sisemi wazee wa Tanga au Mombasa wangejibu hivyohivyo. Kwetu kulelewa na watoto uzeeni si aibu kama kwa wenzetu, na huenda mzee wetu akastahimili zaidi kwa ajili ya kuona wajukuu. Huenda pia akasema hataki kufia mbali na makaburi ya wazee wake. Hatuwezi kumjibia.

Njia ya heshima ipo, na wauguzi wazoefu wanaifahamu. Huanzi na habari mbaya. Unaanza na kumuuliza: "Mzee wangu, wapo wanaopenda kuelezwa kila kitu kuhusu ugonjwa wao, na wapo wanaopenda mtoto wao ndiye aelezwe kisha aamue kwa niaba yao. Wewe ungependa lipi?" Akisema "mwelezeni mwanangu", huo ni uamuzi wake, umeheshimiwa, na unaandikwa. Akisema "mimi ndiye mgonjwa, niambieni mimi", watoto wanakaa pembeni, na mara nyingi wanashusha pumzi kwa kuondolewa mzigo. Unaongeza swali moja: kitu gani unakitaka kuliko vyote katika miezi hii? Jibu linaweza kuwa kuhudhuria harusi, kumaliza kesi ya shamba, kupumua usiku bila kukaa. Kila jibu linabadilisha tiba. Anayetaka kusafiri mwezi ujao kwenda harusini asianzishiwe dripu itakayomwangusha wiki hiyohiyo.

Ndiyo maana naona jopo la mzee haliwezi kuwa la madaktari peke yao. Mfamasia nimemtaja. Mtaalamu wa lishe na wa mazoezi tiba ni muhimu kwa wiki chache zile za kumjenga mzee kabla ya upasuaji au dawa. Lakini mtu ambaye namtetea kwa nguvu zote ni afisa ustawi wa jamii. Tumezoea kumwita mwishoni, bili ikishindikana. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee na kuahidi matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo, na dirisha la wazee lipo hospitali nyingi. Dirisha halilipi nauli wala chumba. Mionzi ya kutibu uvimbe wa kifua kwa utaratibu wa kawaida huchukua wiki sita hivi, siku tano kwa wiki. Mzee wa Bukoba ataishi wapi Dar es Salaam wiki sita, na nani atamfulia? Jopo likipanga tiba hiyo bila jibu, limeandika tiba ambayo itakatishwa wiki ya pili, na mionzi iliyokatishwa katikati inaweza kumwachia madhara bila faida.

Afisa ustawi akiwepo mezani, mazungumzo hubadilika. Ikiwa lengo ni kutuliza maumivu ya mfupa uliovamiwa, dozi moja ya mionzi ya grei 8 hutuliza sawa na mionzi ya siku nyingi, ingawa wengine huhitaji kurudia baadaye. Mzee huyo anaweza kuja, kupigwa mionzi, na kurudi kwao wiki hiyohiyo. Na kwa mzee mwenye uvimbe mdogo usiosambaa ambaye hawezi kupasuliwa, mionzi ya kulenga kwa usahihi mkubwa, ya vipindi vichache tu, imebadilisha mambo kwenye nchi zenye mashine hizo. Uholanzi, ilipoanza kutumika, wazee wa miaka 75 na zaidi walioachwa bila tiba yoyote walipungua. Kwetu wachache hugunduliwa mapema hivyo, lakini wapo, na wasipojadiliwa na mtu wa mionzi na mtu wa upasuaji kwa pamoja watapotea katikati.

Kuhusu tiba shufaa, nalazimika kusema kwamba jinsi tunavyoiandika kwenye mafaili inaitendea vibaya. Inaandikwa kama njia ya kutokea. Mwaka 2010, watafiti wa Boston waliwachukua wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu wakaunganishwa na timu ya tiba shufaa tangu mwanzo huku wakiendelea na dawa za saratani. Wakawa na hali bora ya maisha, huzuni ikapungua, na waliishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao, ingawa hawakupewa tiba kali nyingi mwishoni. Jirani zetu Uganda wana mengi ya kutufundisha hapa: morfini ya maji hutengenezwa nchini humo, mgonjwa huipata bure, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Mzee anayepumua kwa shida anahitaji morfini hiyo wiki anayogunduliwa, iwe atapewa dripu au la. Mtu wa tiba shufaa awe na kiti kwenye jopo kwa kila mgonjwa wa saratani ya mapafu, na asingoje kuitwa wengine wakishamaliza.

Wanaopinga wana hoja nzito. Madaktari bingwa wa wazee tulionao ni wachache mno, na hospitali nyingi za rufaa hazina hata mmoja. Ni kweli, lakini karibu yote niliyoyaeleza hufanywa na muuguzi aliyefunzwa, na bingwa mmoja anaweza kushauri vituo kadhaa kwa njia ya mtandao. Hoja ya muda ni ngumu zaidi. Saratani ya mapafu haingoji, na jopo linalokutana mara moja kwa wiki likiahirisha mgonjwa kwa kukosa ukurasa, limemdhuru. Kwa hiyo ukurasa ujazwe siku ileile kinyama kinapochukuliwa, wakati majibu ya maabara yanasubiriwa. Kwetu siku hizo za kusubiri ni nyingi, na hazitumiki kwa lolote.

Kuna hoja ya tatu ambayo haisemwi hadharani: jopo linaweza kuwa mahali pa kujificha. Uamuzi wa wote unakuwa uamuzi wa hakuna. Profesa anaongea kwanza, na baada yake nani atabisha? Daktari kijana ananyamaza kwa adabu, muuguzi hata hakutazamwa. Miongozo ya tiba ya saratani ya Kenya ya 2019 inataka wagonjwa wajadiliwe na jopo la fani mbalimbali, Uingereza ilianza kupanga huduma zake hivyo baada ya ripoti ya 1995, Ufaransa imelifanya sharti tangu mpango wake wa saratani wa 2003. Sharti linajaza viti, ila halimfanyi mtu afungue mdomo. Ningeomba jambo dogo la utaratibu: anayesoma ukurasa wa mzee awe muuguzi aliyemwona, na asome kabla ya bingwa yeyote kusema neno. Baada ya hapo profesa aseme. Na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, kwa jina la daktari mmoja atakayemweleza mzee na kuwajibika kwake.

Uandikwe pia mpango wa baada ya kikao. Mzee aliyepewa dripu ya kwanza apigiwe simu kabla wiki haijaisha: anakula, anakunywa, ana homa, ametapika mara ngapi, ameanguka? Simu hiyo ipigwe na muuguzi yuleyule, kwa namba ya mtu anayelala naye nyumba moja, si ya mtoto aliye Muscat anayelipa bili. Kabla ya mzunguko wa tatu wa dawa, kiti na alama ya mita tatu virudiwe, sekunde zilinganishwe na za mwanzo, mfuko wa dawa umwagwe tena mezani. Sekunde zikiongezeka, jopo lirudi kwenye faili lake. Zikipungua, na huwa zinapungua kwa wazee ambao dawa imewafungulia pumzi, basi yule aliyeanza na dozi ya chini huenda sasa anaiweza kamili.

Fomu ya rufaa kutoka hospitali za Bugando, Mbeya au KCMC inaweza kuongezewa ukurasa huu bila kusubiri sheria wala mfadhili. Hospitali inayotuma ndiyo inayomjua mgonjwa alivyokuwa kabla ya safari, na inayopokea ndiyo itakayoona alivyo baada yake. Zikiandikiana, jopo la Dar es Salaam halitalazimika kumkadiria mama wa Kigoma kwa jinsi alivyoonekana akiwa kwenye kiti cha magurudumu saa sita mchana, na njaa yake.